Saa Tatu ya Kijana

Kinyozi wangu wa Chumbageni amefariki dunia. Habari zilinikuta Jumanne asubuhi nikijiandaa kwenda kwake, kwa hiyo wiki hii mtanivumilia, anayewaandikia ana ndevu. Hatukuwa watu wa kutembeleana. Mimi nilikuwa mteja, yeye fundi, na maongezi yake yalikuwa ya aina moja tu: kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Toronto, aliko mwanawe wa pekee, ni mwendo gani. Kwenye simu yake alikuwa na ukurasa uliompa kilomita na saa za hewani, kana kwamba ipo ndege inayonyoosha moja kwa moja. "Ndege hiyo haipo, mzee," tulimtania. "Haipo leo," alijibu, akaendelea kunyoa. Niliona ni upuuzi. Sasa nadhani alikuwa akijipa moyo kwamba mtoto hayuko mbali.

Mchana mmoja aliniacha na povu shavuni, akaketi kando ya simu. Nikamuuliza kulikoni.

"Kijana kasema atapiga saa mbili."

Nikamwambia saa mbili ya asubuhi imeshapita, na ya usiku bado sana. Akacheka. "Saa mbili yake ndiyo saa nane yetu. Kashazoea kuhesabu kizungu, nami simkosoi, asije akaacha kupiga." Simu ikaita kweli, povu likanikaukia.

Basi alipofariki, ndugu walikubali kumngoja kijana hadi Alhamisi. Kwetu kuchelewesha maiti si jambo dogo, ila marehemu aliusia kwamba mwanawe ndiye amtie kaburini. Kabla ya kupanda ndege, kijana alimpigia ami yake pale msibani: "Alhamisi natua Tanga saa tatu." Saa tatu asubuhi ami alikuwa uwanjani. Ndege ndogo ikashusha abiria, kijana hayumo, na simu yake haipatikani. Wakasema amekosa ndege ya kuunganisha. Wakangoja mpaka adhuhuri, tukaswali, tukazika.

Tulikuwa bado tumekaa matangani teksi iliposimama. Kijana akashuka na begi, akatuona tulivyokaa, akaelewa.

"Ami, nilisema saa tatu. Nimetua saa tatu, sikuona mtu."

"Saa tatu nilikuwa uwanjani, mwanangu. Hii ni saa tisa imeshapita."

Kijana akatazama saa ya mkononi. Ami naye akaitazama. "Ungesema saa tisa," akasema, "tungezika alasiri." Kijana akakaa chini palepale kwenye vumbi, akalia, na hakuna aliyemlaumu yeyote.

Tunapenda kusema dunia imekuwa ndogo, na kwa upande wa ndege sibishi: zilimvusha bara na bahari zikamfikisha Tanga wakati uleule aliotaja. Kilichomshinda ni neno moja ambalo sote pale tulilijua tangu utotoni. Wenye watoto ng'ambo, wakiwatajia saa, waulizeni ni saa ya nani. Msione haya. Mjini kwetu alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kuigeuza saa ya yule kijana, na simu ya ami ilipoita alikuwa chumba cha pili, amefunikwa shuka, anamngoja.