Mwaka Tuliodhani Tumemvunja Kulungu

Sisi tuliokulia Joburg kabla kila mtoto hajawa na simu yake tunaijua baridi. Chekeni tu, najua mtu wa miaka ishirini na kidogo akianza kusema enzi zetu anachekesha. Lakini muulizeni mdogo wetu Grace kama amewahi kucheza mgusha, ule mchezo wa kuruka soksi ndefu za kina mama zilizofungwa pamoja, mpaka soksi zikakatika na mwenye soksi akatoka nje na mwiko mkononi. Atawaangalia kama vile mmezaliwa pamoja na babu yake. Sisi tuliamka asubuhi majani yote ya Kensington yakiwa meupe kwa jalidi, tukapumua moshi mdomoni tukijifanya wavuta sigara, halafu tukakimbilia shule na magwinya ya moto mfukoni. Magwinya ni mandazi ya huku, makubwa kama ngumi. Kwanza yalipasha mikono moto, kisha tukayala. Hakuna glavu zilizowahi kufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mama alikuwa akisuka nywele katika saluni moja Turffontein, Grace akiwa mgongoni mwake, mchanga bado. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya wateja wengi, kwa hiyo mimi na mdogo wangu Espoir tulikwenda na Baba kazini kwake. Baba alikuwa mlinzi wa geti kwenye bustani ndogo ya wanyama kusini mwa jiji, mahali ambapo shule zilileta watoto kuona mbuzi, bata, punda wawili na kundi la kulungu wa Ulaya. Kwetu Uvira, Kongo, Baba alikuwa amezoea ziwa na samaki. Wanyama wenye manyoya hakuwajua sana. Ila kazi yake aliipenda na aliilinda kuliko geti lenyewe. Kila Jumamosi kabla hatujaingia alitusimamisha, akatuambia maneno yale yale: "Kitu ya mwenyewe haina miguu. Ikitembea, kuna mutu aliitembeza."

Sisi tulikuwa na mwenzetu mmoja tu kule ndani. Alikuwa dume mkubwa wa kulungu, shingo nene kama gunia, pembe zenye matawi mengi kiasi kwamba Espoir alipoanza kuyahesabu alichanganyikiwa kila mara. Tulimwita Jenerali. Kanisani tulikuwa tumesikia neno ayala, na Mama alishikilia kwamba huyo ndiye ayala mwenyewe, tena anastahili heshima. Akitembea, madume wadogo walimpisha. Akienda kwenye hori la majani makavu, majike walirudi nyuma wakasubiri. Tulimpenda kama watu wanavyopenda timu inayoshinda.

Basi, ilikuwa mwezi wa nane mwaka 2013, baridi inakaribia kwisha lakini haijakubali kuondoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi, Espoir saba. Tulikaa kando ya uzio tukijifunika blanketi moja, tukila machenza. Jenerali alisimama karibu, kichwa chini, hana habari nasi. Espoir alitaka ageuke atuangalie. Alirusha chenza moja, si kwa nguvu, likampata katikati ya paji la uso. Jenerali akatikisa kichwa. Ikasikika sauti kama ya kuni kavu inayovunjika, na pembe yake ya kushoto ikaanguka chini.

Pale pembe ilipotoka palibaki duara jekundu, lenye damu kidogo. Jenerali mwenyewe alisimama kichwa kikiwa kimelala upande mmoja, kwa sababu pembe iliyobaki ilikuwa ikimvuta. Kisha akaondoka taratibu. Nilimtazama Espoir, midomo yake imekuwa ya kijivu. Pembe ilikuwa imeanguka hatua moja kutoka kwenye waya. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini nilifanya nilichofanya. Nadhani niliwaza tu kwamba kisichoonekana hakikutokea. Nilipitisha mkono chini ya waya, nikaivuta pembe, nikaifunga ndani ya blanketi. Jioni tulirudi nyuma ya pikapu ya mfanyakazi mwenzake Baba, tumekaa juu ya blanketi letu kama kuku anayeatamia, na Baba akatusifu kwa utulivu.

Pembe ililala chini ya kitanda chetu. Jumapili kanisani Espoir aliomba akiwa amefumba macho kwa nguvu hata mama mmoja nyuma yetu akanong'ona kwamba mtoto huyu atakuwa mchungaji. Hakujua anaombea pembe iote.

Jumatatu Baba alirudi kutoka kazini uso umebadilika. Tulikuwa mezani, bugali na ndagala, dagaa wa kwetu, na Baba hakula. Alimwambia Mama kwa sauti ya chini, akidhani tunasikiliza televisheni. Meneja alikuwa amepanga kuzitundika pembe za yule dume mkubwa, zote mbili, juu ya mlango wa kuingilia. Moja haionekani. Wameitafuta zizi zima. Meneja aliuliza ni nani anajua kinachotoka getini kama si mlinzi wa geti. Tena aliuliza mbele ya wafanyakazi wote. Mmoja wao alisema kwamba pembe zina soko, na wageni wanalijua soko hilo. Baba alikuwa amepewa mpaka Jumatano. Mama aliacha kumlisha Grace, kijiko kikabaki hewani.

Nakumbuka kelele ya kiti changu niliposimama. Nilikwenda chumbani, nikatambaa chini ya kitanda, nikarudi na blanketi. Espoir alishaanza kulia kabla sijalifungua.

"Baba, hakuna aliyeiba," nikasema. "Ni sisi tulimvunja."

Baba aliitazama ile pembe juu ya meza, kati ya sahani. Aliigusa ncha moja baada ya nyingine. Kisha akamwambia Espoir aeleze, na Espoir akaeleza yote, chenza, paji la uso, sauti, damu, na mwisho akauliza kama Jenerali atakufa. Hapo Baba alianza kucheka. Sijawahi kumwona akicheka vile tena, alicheka hadi akashika ukingo wa meza, na Mama naye akaambukizwa bila kujua wanacheka nini. Alimvuta Espoir, akamfungua mdomo, akaonyesha pengo la meno yake mawili ya mbele.

"Hii nani alikuvunja?" akamuuliza. "Inaanguka yenyewe, mwanangu. Kila mwaka inaanguka, inaota ingine."

Tulidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Baba alijifuta macho, akawa Baba wa getini. Alisema kuvunja hatukuvunja, ila kuitembeza tuliitembeza, na kesho yake tutairudisha kwa mikono yetu na kwa vinywa vyetu. Jumanne hatukwenda shule. Mama, ambaye aliwahi kunipeleka shule nikiwa na homa, alitupaka mafuta usoni tu na kutufunga vifungo mpaka shingoni, kama tunakwenda harusini.

Ofisi ya meneja ilikuwa na hita ya gesi na harufu ya mbwa. Meneja alikuwa mzungu mrefu wa maneno machache. Nilikuwa nimekariri Kiingereza changu njia nzima, na mlangoni kikapotea chote. Espoir ndiye aliyesema. Alisema yeye ndiye alirusha, mimi nilificha, na baba yetu hakujua, kwa hiyo tafadhali asimfukuze. Meneja alimuuliza chenza lilimpata kulungu wapi. Espoir akagusa paji lake mwenyewe, sawasawa katikati. Meneja aligeukia dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alipogeuka tena alikuwa mwekundu. Alitoka nyuma ya meza, akampa Baba mkono, akamwomba radhi kwa maneno ya jana, na akaahidi kwamba ataomba tena mbele ya wale walioyasikia. Aliomba kweli, mchana huo huo. Baba alijibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba hakuna shida, lakini mimi niliyesimama karibu naye nilimsikia akishusha pumzi ndefu.

Aliyetupa adhabu ni Sis Nomsa, mtunzaji wa kulungu, mwanamke mfupi mwenye gambuti za kijani aliyezungumza Kizulu na wanyama na Kiingereza na watu. Alitusikiliza, akaweka mikono kiunoni.

"Eish, nyinyi wawili," akasema. "Mmesema mmemvunja. Basi kila Jumamosi mtakuja kumwangalia mpaka apone."

Ile ndiyo adhabu iliyotupa furaha kubwa kuliko zote za utoto wetu.

Pembe ya pili ilianguka siku mbili baadaye. Jumamosi tulimkuta Jenerali kipara, na tukashuhudia mambo tusiyoyategemea. Madume wadogo walikuwa bado na pembe zao, na habari walikuwa wameshaipata. Yule aliyekuwa akimpisha juzi sasa alimfukuza kwenye hori. Majike nao, wapole wale, walimnyanyulia miguu ya mbele wakamchapa makofi. Jenerali wetu hakujibu. Alijitenga kwenye kona ya zizi, akala mabaki wengine walipomaliza. Espoir alishika waya akalia kwa hasira, akataka kujua kama gundi ya shuleni inaweza kushika pembe. Sis Nomsa alimwambia kulungu mwenye akili haendi vitani bila silaha, na kwamba asubiri.

Tukasubiri. Kiangazi kikaanza kunukia, miti ya jakaranda ikajaa maua ya zambarau, na madume wengine wakaanza kupukutisha pembe, mmoja wiki hii, wawili wiki ijayo. Kila Jumamosi tulifika mbio kuona nani kawa kipara. Na wote walipobaki vipara, amani ikaingia. Madume wale wale waliofukuzana walilala chini bega kwa bega juani, wakilambana masikio. Wakikosana juu ya majani, walisimama kwa miguu ya nyuma wakapigana ngumi kwa ile ya mbele, vichwa nyuma wasiumizane, kama kina mama wawili wanaogombea kitenge kimoja kule Fordsburg siku ya bei ya chini. Tulicheka mpaka punda wakaja kuangalia. Espoir aliiga mchezo huo nyumbani, akavunja kikombe.

Na Jenerali? Aliyetangulia kupoteza alitangulia kuota. Vilianza vinundu viwili, vimefunikwa ngozi laini kama mahameli. Sis Nomsa alituambia pembe changa ni laini na zinauma, ndiyo maana Jenerali alipita mbali na matawi, kichwa juu, kwa madaha mengi. Shule zilipofungwa, pembe zake zilikuwa zimewapita wote. Siku moja alitembea kwenda kwenye hori katikati ya mchana, na madume wadogo, wenye vijipembe vya kidole, wakampisha bila hata kuguswa. Espoir alipiga kelele za ushindi, na getini Baba akatoka mbio akidhani kuna moto.

Bustani ile haipo siku hizi. Wanyama walihamishiwa shambani mbali, na pale pamejengwa nyumba zinazofanana. Espoir amempita Baba kwa kimo, anaongea "sharp" za vijana wa Joburg na Kizulu, na Kiswahili chake ukikisikia unasikitika. Grace ananionyesha kulungu kwenye simu, video ya nusu dakika, na kabla mnyama hajageuza kichwa ameshasogeza nyingine. Namwambia sisi tulimtazama mmoja miezi minne. Ananiuliza kama hatukuwa na la kufanya.

Mwaka jana nilimuuliza Baba kwa nini siku ile hakutupiga, maana wenzetu wengi wangepigwa. Alifikiri kidogo. "Nilirudi nyumbani nikitafuta namna ya kuwaambia kwamba kazi imekwisha," akasema. "Nikakuta mutoto wangu analia, si juu ya fimbo, juu ya munyama ya mwitu ya watu. Nikasema, inchi hii haijatuharibu bado."

Nilitaka wadogo zangu nao wayasikie hayo kwa masikio yao. Nikaandika kwenye grupu ya familia kwamba Jumamosi hii twende sote mahali penye kulungu, Baba, Mama, sisi watatu. Mama alijibu ndiyo mara moja, na Baba akatuma sauti ya kucheka. Espoir ameandika atajaribu. Grace ameuliza kama kuna mtandao.