Mchukuzi Anayejaza Wageni Nyumba Aliyohamishwa

Treni ya asubuhi imesimama. Chapchap, mchukuzi wa mizigo, anausukuma mkokoteni hadi kwa mke na mume wanaogombania ramani. Jina hilo wenzake walimpa kwa mwendo wake wa kinyonga.

"Tulale wapi, kaka?" mke anauliza. "Mji mpya au mji mkongwe?"

"Dada yangu, uje kuona mji mkongwe halafu ulale mji mpya? Hiyo si ni kwenda harusini ukakae kwenye maegesho?"

Wanacheka. Anawapeleka hadi nyumba ya wageni yenye mlango uliopakwa rangi juzijuzi. Hawaambii kwamba alizaliwa humo.

Kosa la wao kuhamishwa humo anasema ni lake. Wachukuzi hupumzisha bega njiani, na yeye alipumzikia kwao. Mama yake aliwaketisha uani wageni aliowabebea mizigo, akawapa maji, akawatania. Waliupenda ule ua. Wakawa wanauliza kama kuna vyumba, na mwishowe wakamuuliza mwenye nyumba.

"Nilijipalia makaa mwenyewe," anasema. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja. Sisi wenyeji tukaambiwa tufungashe."

Sasa wamepanga chumba ng'ambo ya reli. Mama yake ni kipofu tangu Chapchap akiwa kijana, ila nyumba ile aliijua kwa viganja. Alipika, alifua, alipanda ngazi bila fimbo, na jirani akichelewesha ndoo kisimani alikemewa kutoka dirishani. Huku ameshajikwaa mara mbili kwenye jiko la watu. Siku hizi anashinda kitandani, mikono mapajani. Inauma kumtazama.

"Mwanangu, hapa kwa watu tunakaa mpaka lini?" ananiuliza mimi mwandishi niliyekuja kuwatembelea, akidhani ni mwanawe aliyeingia.

Chapchap alimwendea mwenye nyumba kuomba kazi ya ubawabu, ambayo ina kijichumba chini ya ngazi. Akajibiwa kwamba bawabu atahitajika vyumba vikianza kujaa. Ndiyo maana kila treni ikifika yuko mbele, anausifia mtaa uliomtoa.

"Vikijaa, mama anarudi," anasema. "Atazishika kwa mikono zile kuta zake."

Mama naye ameshaanza kukunja nguo zake.

"Nimemwambia tunarudi nyumbani," Chapchap anasema, akitazama pembeni. "Amefurahi, anauliza kama kitanda chake bado kiko dirishani. Nimemwambia kipo. Sijamwambia anakilalia nani."