Pumzi za Watu

Nilipokuwa mtoto kule kijijini Masoko, dada yangu Tusekile alishikwa na baridi ambayo blanketi mbili hazikuiweza. Jua lilikuwa limewaka juu ya migomba, lakini yeye alikuwa jikoni kwa Bibi, amejikunyata karibu na mafiga, meno yanagongana. Zahanati walimpima malaria wasione kitu. Alikuwa na miaka kumi na sita.

"Hiyo siyo malaria," Bibi alisema. "Hizo ni pumzi za watu."

Sisi Wanyakyusa wa vijijini tumelelewa hivyo. Majirani wakikunung'unikia kwa pamoja, pumzi zao hukukalia mwilini, zikakupoza mpaka ulale. Dawa yake haiuzwi popote. Walionung'unika huitwa, kila mmoja aseme alichosema mbele ya mgonjwa, kisha achukue maji mdomoni, ayateme chini na kumtakia mema.

Maneno yenyewe yalikuwa kwamba Tusekile ana mimba. Kijiji kizima kilijua, na mwalimu wa kwaya alishamwambia apumzike kidogo. Nami nilijua kitu ambacho kijiji hakikukijua: nani aliyeanza. Nilimwona dada akitapika nyuma ya nyumba, nikaenda bombani kuchota maji, nikamwambia rafiki yangu mmoja. Mmoja tu! Kumbe dada alikuwa amekunywa maziwa mgando yaliyokaa mno kwenye kibuyu.

Bibi aliwaita wanawake saba, nao wakaja wote, maana asiyekuja angeonekana mchawi. Mmoja baada ya mwingine alisema, "Nilisema ana mimba, nilisikia kwa fulani," akatema maji. Bibi alifuata huyo fulani hadi fulani mwingine, mpaka akabaki mtu mmoja mlangoni, ameshika mwimo, anatamani ardhi impasukie.

"Ni mimi, Bibi," nilisema.

Hakunipiga. Alinipa bakuli la maji. "Neno hurudishwa na mdomo uliolitoa," aliniambia. Nilitema maji huku nalia, nikamwambia dada apone. Asubuhi yake Tusekile aliomba ndizi za kuchemsha, akazila zote.

Sijui kama ni maji yaliyomponya. Najua tu kwamba alipona.

Leo naishi Tukuyu, na binti yangu Atupele ana miaka kumi na mitano. Shuleni kwao simu hairuhusiwi, kwa hiyo jioni huazima yangu, eti ya kuulizia homuweki. Wiki tatu zilizopita nilikuta ndani yake video ya Neema, mwenzake wa kwaya ya vijana, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Amesimama mbele anaimba, hajui kwamba siku zake zimeanza na sketi imechafuka. Aliyeirekodi alikuwa anacheka. Na kutoka kwenye simu yangu, yenye picha yangu na jina langu, ilikuwa imetumwa kwenye grupu lao na vikatuni vinne vya kucheka.

"Mama, mimi sikurekodi," Atupele alisema. "Nilifowadi tu. Kila mtu alifowadi."

Nilitaka kumchapa. Kisha nikaona mtoto mwenye ndoo bombani, anamwambia mtu mmoja tu, nikashusha mkono.

Tulikwenda kwao Neema siku ileile. Mama yake alisema mtoto haendi shule, hali chakula, kutwa amejifunika. Baridi ya Tukuyu naijua. Ile haikuwa ya ukungu. Nikaomba bakuli la maji. Mama Neema alinitazama, naye ni wa huku huku, akalileta bila kuuliza.

Atupele alipiga magoti. "Nilituma video yako kwa watu, nikacheka. Nisamehe, Neema. Upone." Akatema maji sakafuni, machozi yanamtoka.

Neema alishusha blanketi mpaka kidevuni. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Asante," alisema. Kisha akanigeukia mimi, mtu mzima niliyekuja na bakuli. "Na wengine je, Mama Atu? Mle kwenye grupu wako mia na kitu. Halafu wameshatuma kwingine."

Bibi aliwajua watu wake saba kwa sura na kwa ukoo, na neno lililotoka bombani lilichoka kabla ya kufika kijiji cha pili. Hili la watoto wetu halichoki. Wenye pumzi hizo wengine wako Mbeya, wengine Dar, hawajawahi kumwona Neema wala hawatakuja wakiitwa.

Hata hivyo mimi na Atupele tumeshapita nyumba nne. Mbili walikuja na watoto wao wakatema maji. Moja walinicheka kwamba naleta ushirikina kwenye mambo ya simu. Ya nne hawakufungua, ingawa redio ilikuwa inaimba ndani.

Neema bado hajarudi shule. Jana mama yake aliniambia alikunywa uji nusu kikombe. Leo Atupele amerudi kutoka shule, hajaniomba simu. Amesuuza bakuli, akaniuliza nyumba ya tano ni ya nani.