Mikono ya Mwalimu wa Baiolojia

Kabla ya kila mechi ya netiboli, mwalimu wa baiolojia hupita mstarini akibonyeza kigimbi cha kila msichana kwa dole gumba, taratibu, kama anayechagua maparachichi sokoni Ngara. Hapandishi sauti kamwe. “Msuli unajua kuvuta tu, kusukuma haujui,” huwaambia. “Ndiyo maana Mungu akauwekea mwenzake upande wa pili, aurudishe.”

Siku walipocheza na wasichana wa Biharamulo, magoli yakiwa sawa na dakika mbili zimebaki, kigimbi cha Kezia, mfungaji wao, kilikaza ghafla akaanguka. Mwalimu akapiga magoti vumbini, akaegemeza kiganja kikavu, kilichotulia, kwenye wayo wake. “Vuta vidole vije kwako, mwanangu. Msuli wa mbele ukifanya kazi, wa nyuma hulegea.” Ukalegea kweli. Kezia akasimama, akachechemea kidogo, akadaka pasi, akalenga. Kwa pembe ya jicho akamwona mwalimu ameupa uwanja mgongo, uso kaufunika kwa kitenge. Mpira ukazama wavuni, wenzake wakamrukia. Mwalimu hakugeuka.

“Kezia,” aliita kwa sauti ile ile ndogo, “limeingia?”