Shefu Nyuma ya Jiko

Kabla majirani wa Ngagara hawajawasimulia, nasimulia mwenyewe.

Marehemu mume wangu alifuga mbwa watatu aina ya teria nyumbani, akiuza watoto wao. Alipofariki, baba mkwe alinionya: kwa mila yetu, mpaka matanga yaondolewe, dume na jike wasilale pamoja, hata wanyama. Nikikosea, angewaondoa mbwa wote, na ndio wanaotulisha. Kuwakagua sikuwahi, ilikuwa kazi ya mume wangu. Nilimfunga nyuma ya jiko yule mwenye kuwafokea wenzake, ambaye mume wangu alimwita Shefu, yaani bosi. Wale wawili wapole nikawaacha pamoja.

Tumbo la mmoja likavimba. Hasira ikanipanda. Nikajua mbwa wa jirani yangu, Mama Divine, ameruka ukuta. Siku ya kuondoa matanga nilimwinukia mbele ya ukoo.

“Imbwa yako imechafua matanga ya bwana yangu! Hauna haya?”

“Imbwa yangu ni muzee, hata ngazi inaishinda. Uliza Shefu wako!”

“Shefu nilimufunga!”

Shemeji yangu akaenda nyuma ya jiko, akamgeuza Shefu chali, akapekua manyoya.

“Shemeji, Shefu ni muke! Mume ni ule ulilalisha na mwenzake.”

Ukoo ukaangua kicheko, baba mkwe akifuta machozi. Mimi niliigeukia picha ya marehemu mezani, nikamfokea kwa mara ya kwanza tangu tumzike:

“Na wewe! Imbwa muke, unaiita Shefu juu ya nini?”