Ubeti wa Pili Uliokwama Ukutani

Mama mkwe wangu anaongoza korali ya parokia yetu hapa Uvira. Nyimbo zao nyingi za Kifuliiru zimeandikwa kwa mkono kwenye makaye, yaani madaftari, ya zamani. Mimi nafundisha kompyuta sekondari, basi akaniomba nizipeleke ukutani kwa projekta ili kanisa zima liimbe. Nikapiga picha kila ukurasa, nikaandika programu: unabonyeza, ubeti unaofuata unatokea.

Jumapili ya kwanza dirisha la programu likaganda. Picha moja ilikuwa nzito, na programu ilipokuwa ikiisoma haikuweza kufanya kingine chochote. Mama akaona ubeti wa pili bado uko ukutani, akainua mkono korali irudie. Wakarudia mara tano. Padri alicheka nyuma ya kitabu chake.

Baada ya misa Mama akaniambia kwa upole, "Baba, leo tumeimba ile ubeti ya pili mpaka Mungu mwenyewe anaijua kwa kichwa."

Nyumbani, mtaani Songo, nikaigawa kazi katika mikondo miwili inayokwenda sambamba. Mkondo mmoja wa programu ukabaki na dirisha, wa pili ukawa unasoma picha pembeni. Nilipojaribu, mambo yalikwenda vizuri. Alhamisi kwenye mazoezi programu ikajifunga yenyewe mbele ya wote. Ujumbe wa kosa ulikuwa mrefu, kwa Kifaransa, na kwa kawaida mimi husoma mwanzo tu. Siku hiyo nilikaa kwenye benchi la masoprano nikausoma hadi mwisho: mkondo wa pembeni umegusa dirisha lisilo lake.

Mama akaja kukaa karibu, akauliza shida iko wapi. Nikamweleza kwamba yule wa pembeni akishasoma picha anaibandika mwenyewe, na hilo haliruhusiwi, maana wawili wakishika dirisha pamoja wataliharibu.

"Basi aipane kwa mwenye dirisha," alisema. "Iko nini ya nguvu hapo?"

Kweli, hakukuwa na kigumu. Ilitosha mistari michache: wa pembeni anamaliza kusoma, anakabidhi picha, na mwenye dirisha anaibandika zamu yake ikifika. Niliona aibu kidogo, lakini furaha ilizidi.

Jumapili iliyofuata Mama alibonyeza mwenyewe, na beti zilipishana bila kusita. Jumatatu asubuhi wakaja kina mama wawili kutoka bonde la Ruzizi na kaye lao la nyimbo za Kirundi. Tulipiga picha kurasa hadi saa sita, wakiniimbia kila wimbo kwanza, nisije nikakosea mpangilio wa beti.