Tumpe alipompa jirani moto

Leo nimekatishwa kusoma hadithi yangu mwenyewe, na sijawahi kufurahi hivi!

Nilikuwa ukumbi wa kanisa hapa Kihesa, nawasomea akina mama hadithi ya Tumpe, mjane wa Ilomba miaka ya hamsini. Jirani alimchomea nyumba. Sasa ni msimu wa baridi, na jirani huyohuyo anapiga hodi. Mwanawe anatetemeka, na moto umezimika kwake.

Tumpe anampa makaa. "Wahi, mtoto asipate baridi zaidi."

Hapo Mama Neema akasimama.

Nikajua nimemuudhi, anaondoka.

Kumbe!

Alivuka ukumbi mzima hadi alipokaa mdogo wake. Walikuwa hawajasemeshana tangu wamzike mama yao. (Kihesa nzima tunajua.)

"Sogea nikae, mdogo wangu."

Mdogo mtu akasogea. Halafu akamkumbatia dada yake, wakalia, na sisi tukalia nao.

Kuna walioniambia Tumpe ni mwema kupita kiasi, nimpunguzie wema. Nilikataa, na bado nakataa!

Nyie mngempa moto yule jirani? Semeni ukweli.

Hadithi sikuimaliza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza iliishaje.